Jembe la Shaame na Bwawa la Kisiwani

Nitegeeni, wajukuu zangu, nami niwape. Zamani hizo, babu wa babu yangu hajaota jino, palikuwa na kisiwa kidogo kisicho na mto wala chemchemi. Kilikuwa na bwawa la mvua, basi. Bwawa hilo lilinywesha mpunga, katika bwawa hilo watu walishindana kuogelea siku za sikukuu, bwawa hilo lilikuwa nyumba ya mabata maji na korongo. Wewe, acha kumfinya mwenzio, sikiliza!

Kila kiangazi watu waliingia kuzoa tope. Wakazoa, wakazoa, na sharti lilikuwa moja: jembe likitoka na udongo wa kijivu, mwenye jembe apige ukelele, na wote watoke. Udongo huo ndio sakafu ya bwawa. Chini yake ni maji ya bahari.

Sasa palikuwa na mkulima, Shaame, konde lake lilikuwa la mwisho kwenye mfereji wa kutoka bwawani, maji yalimfikia kwa shida. Mwaka uliopita mkewe, Mize, alivuna makapi. Siku hiyo ya kuzoa, jembe la Shaame likatoka na udongo wa kijivu. Akatazama huku, akatazama kule. Ukelele hakupiga! Akachimba, akachimba, akitumaini maji matamu, na maji yakabubujika.

"Shaame katoa maji!" Vigelegele vikapigwa. "Mwanamume wewe! Mfereji ufunguliwe, konde lake lianze!"

Shaame akaonja. Chumvi. Angesema papo hapo, shimo lingezibwa. Lakini walikwisha kumbeba mabegani, naye akaona tamu kusifiwa, mjinga yule.

Mpunga ukageuka manjano, ukalala. Ndege wakahama. Watu walipokuja kuonja, sakafu imeshamomonyoka, wakasema bahari imejipandisha yenyewe.

Mize akateka maji kwa kiganja, akayatema.

"Baba Kaije, ulijua?"

"Nilitaka tushibe, mke wangu."

"Tushibe sisi! Na majirani je?"



Njaa ikawahamisha wote. Siku ya kuondoka, pwani, watu wakamkumbatia Shaame mmoja mmoja. "Usihuzunike, ndugu yetu. Wewe ulijitahidi." Naye akakumbatiwa, akakumbatiwa, hakusema neno. Mize akamchukua mtoto wao Kaije, akapanda mtumbwi mwingine.

Mnaona, wanangu? Kuchimba kulikuwa kosa, lakini kunyamaza ndiko kulikoua kisiwa. Inanichoma mpaka leo.

Hadithi yangu naikunja kama mkeka. Mwenye usingizi akalale, na mwenye kosa moyoni akaseme kwanza.