Geti la Mshangama

Wakubwa wa Kisiwani walipotaka kuwaeleza watoto maana ya ukaidi, waliwaonyesha Bwana Mshangama. Tajiri huyo alitia geti la chuma kwenye njia pekee ya makaburini, kwa kuwa ilipita shambani kwake.

Siku ya arobaini ya kifo cha mumewe, Bi Mize alipenya getini na wasomaji wa hitima. Mshangama aliwafuata mbio hadi upande wa makaburini, akalifunga geti kwa ufunguo nyuma yake wengine wasipite.

"Mwisho leo!" alifoka.

"Baba, tukubaliane. Ijumaa tu."

"Sikubaliani na mtu!"

"Nusu saa?"

"Hata dakika!"

"Hata ukiomba wewe?"

"Hata mimi! Wallahi, geti hili halifunguki tena!"

"Tumesikia," waliitikia wasomaji.

Bi Mize alitandika mkeka. "Basi keti, baba. Nyuma yetu mto una mamba, mbele kuna kiapo chako. Sisi tuna sufuria la pilau, wewe una ufunguo. Na marehemu alikuwa mbishi, mtapatana."

Mshangama alivumilia mpaka adhana ya alasiri.

"Mize, mwanangu, nifanyeje?"

"Umeapa halifunguki. Hukuapa haling'oki."

Waliling'oa pamoja, na yeye ndiye aliyevuta kwa nguvu zaidi.