Shemeji Alisimama Juu ya Paa

Sogeeni karibu. Mwenye kusinzia akasinzie mbali, asije akaniuliza mwisho nami bado niko katikati.

Katika vilima vya Mbulu aliishi mjane, Bibi Veneranda, na wajukuu zake watatu. Lohay alijua udongo: akigonga ardhi kwa mpini wa jembe, alijua kama itasimama au itaporomoka. Emiliana alijua maji: wenzake wakikimbia mvua, yeye alitoka kuitazama inakopita. Boay alijua moshi, maana uvivu wa kulala kando ya moto nao una elimu yake.

Nyumba ya Bibi ilikaa mgongoni mwa kilima, na upepo wa huko hauna adabu. Ulipong'oa mabati kwa mara nyingine, akaja Gwandu, mdogo wa marehemu mumewe.

"Shemeji, mvua zikianza nakuja na mkokoteni wa punda. Utahamia kwangu."

Kuhamia kwa Gwandu maana yake ni kula huku mkewe anakuhesabia matonge. Bibi akawaita wajukuu. "Atakayeniwezesha kubaki hapa, nyumba ni yake, na moto wangu atauwasha yeye."

Lohay akasema, "Wazee wetu walikaa chini ya ardhi, wezi wa ng'ombe wakapita juu wasiwaone. Upepo nao ni mwizi tu." Akachimba ubavuni mwa kilima, akaacha nguzo za udongo mgumu, akaibomoa nyumba ya zamani, akaezeka kwa magogo yake, akafunika kwa udongo na majani mabichi. Ndani palikuwa na chumba cha Bibi, zizi la ng'ombe wake na ghala la maharage. Asubuhi ya baridi kali palikuwa na joto kama kwapani. Jua likichoma, palikuwa baridi kama mtungini. Bibi akasema, "Kumbe nimezeeka juu ya nyumba nzuri bila kujua!"

Ikanyesha mvua moja, vyungu vikaelea.

Emiliana akatoka nayo hiyohiyo mvua, jembe begani, akaifuata inakotoka. Akachimba mfereji juu ya nyumba, uliopinda kama mkono unaomkinga mtoto. Akainamisha na sakafu kidogo, hata mkojo wa ng'ombe ukatoka wenyewe bila kusukumwa. Mvua nyingine ilipokuja, ikapita pembeni ikinung'unika. Pakawa pakavu.

Bibi akawasha moto apike. Akatoka mbio akikohoa kama mbuzi mzee.

Boay akawasha majani mabichi humo ndani, akalala kifudifudi kuona moshi unataka kwenda wapi. "Huulizwa, haulazimishwi," akasema. Ulikotaka kwenda akatoboa paa, akasimika gogo lenye uwazi, juu akalifunika kwa kigae cha chungu, mvua isiingie. Ukutani akapaka udongo mweupe, mwanga wa mlangoni ukafika hadi kitandani. Bibi akachambua maharage ndani bila kukodoa macho.

Mvua kubwa zikaanza. Gwandu akaja na mkokoteni, akatafuta nyumba asiione. Akaona majani tu, na moshi mwembamba unaotoka ardhini. Akaita, "Shemeji! Shemeji we! Wamekupeleka wapi?"

Sauti ikatoka chini ya nyayo zake: "Ondoka juu ya paa langu, Gwandu. Una miguu mizito kama maneno yako."

Aliruka huyo, kofia ikabaki! Akaingia kwa kuinama, na mvua ya mawe ikaanza. Juu ikapiga ngoma, chini wakanywa maziwa ya moto. Gwandu akagusa ukuta: mkavu. Akatazama darini: hakuna moshi. Akavua koti kwa joto.

"Sikuchukui," akasema. "Lakini nyumba ya chini haikai bila mwenyewe wa kuitunza. Taja mmoja leo, mbele yangu, alale humu na wewe. Usipotaja, mkokoteni uko nje."

Lohay akasema, "Bila shimo langu, wangetoboa nini?"

Emiliana akacheka. "Shimo lako bila mimi ni kisima."

"Na likiwa kavu bila mimi," akasema Boay, "ni tanuri la kubanikia bibi."

"Basi tugawane!" akasema Lohay.

"Mgawane nini?" Bibi akafoka. "Nyumba ina mlango mmoja na jiko moja. Wake wawili tu wakikutana kwenye jiko moja huchomana miiko."

Na Bibi alijua zaidi ya hapo. Nguzo hutaka kukaguliwa, mfereji hutaka kuzibuliwa, bomba la moshi hutaka kukwanguliwa masizi. Akimtaja mmoja, wawili watanuna, waondoke na ujuzi wao. Asipomtaja yeyote, punda yuko mlangoni, na mke wa Gwandu keshapika.

Mvua ya mawe imekatika. Gwandu ameokota kofia yake, anangoja. Watatu wamemkodolea Bibi macho, naye amefungua kinywa.

Haya, ninyi mliomaliza karanga zangu: amtaje nani? Je, wewe ungeamua vipi?