Gari Lililoombewa

Mkae vizuri, wapendwa. Na ninyi mliokuja na magari, msianze kutazama dirishani. Hadithi hii haina mtu wa usharika huu ndani yake. Ikimgusa mtu, basi imemgusa kwa bahati yake.

Kulikuwa na mwenye duka mmoja wa vifaa vya ujenzi, katika mji wa milimani, kule ambako asubuhi ukitoka nje unaiona pumzi yako mwenyewe. Mtu huyu alikuwa na pikapu kuukuu. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba, na kiti cha mbele kilikuwa kimechanika hadi sponji inaonekana. Lakini pikapu ile, jamani, ilikuwa ya mtaa mzima. Kwaya ikienda mashindano, ilipanda pikapu. Mtu akifiwa, turubai na viti vya msiba vilibebwa na pikapu. Nani alishawahi kugonga geti lake akarudi hivihivi? Mwenyewe hata hakuwa na maswali mengi. Ukimwambia una shida, alianza kutafuta viatu vyake.

Kisha akapenda gari. Aliliona kwa mtu mmoja aliyekuwa anahama nchi: gari la kifahari, jeusi, refu, viti vya ngozi, mlango ukiufunga unasikia sauti ya kitu kizito chenye heshima. Lilikuwa limetumika miaka mingi, lakini liling'aa. Na bei yake ilikuwa ndogo kiasi cha kumtia mtu mashaka. Yeye hakuingiwa na mashaka, aliingiwa na furaha. Akauza pikapu, akaongezea akiba yake yote, akalileta nyumbani.

Mnajua desturi yetu. Gari jipya haliingii barabarani bila kuombewa. Akaita majirani, akamwita mchungaji, mkewe akapika pilau, soda zikafunguliwa. Watu wakalizunguka lile gari wakaliwekea mikono, huyu kwenye boneti, yule kwenye paa, na waliokosa nafasi wakashika hata kioo cha pembeni. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mchuuzi wa viazi, alikuja na mama yake mzee. Yule bibi aliweka kiganja kwenye taa ya mbele, akaomba kwa lugha ya kwao, akaomba mpaka machozi yakamtoka. "Mungu alitunze gari la mwanangu," alisema, maana bibi huyo alimwita mwenye duka mwanawe, ingawa hakumzaa.

Haukupita muda, taa ya injini ikawaka. Fundi akachomeka kompyuta yake, akaizima taa ile. Ikawaka tena. Halafu asubuhi moja mwenye duka akatoka nje, akakuta gari limelala. Magari ya namna ile hayakai juu ya springi za chuma, yanakaa juu ya mifuko ya upepo, na upepo ukivuja, gari linashuka mpaka tumbo linakaribia kugusa ardhi, kama kuku anayeatamia. Ukiwasha injini na kusubiri, linajiinua polepole, kwa maringo yake.

Akalipeleka gereji. Fundi akaingia chini, akatoka, akajifuta mikono.

"Mzee, shokapu za upepo zimechoka. Na giaboksi nayo inapata moto, ndiyo maana ukipanda mlima gia zinagoma."

"Shokapu ni bei gani?"

Fundi akamtajia. Mwenye duka akameza mate, maana ilikuwa karibu na fedha aliyouzia pikapu.

"Hiyo ni kwa zote nne?"

"Hiyo ni moja, mzee. Na spea yake mpaka iagizwe nje."

"Na giaboksi?"

"Giaboksi tuiache kwanza," fundi akasema kwa huruma. "Nenda nyumbani ukapumzike."

Mnacheka. Hata mimi nilicheka nilipokuwa naitunga. Lakini hebu tumtazame huyu ndugu akirudi nyumbani. Alikuwa na jambo moja tu la kufanya, kusema. Kusema, jamani, nimeuziwa gari bovu. Sasa atalisemaje? Atawaambiaje watu waliokula pilau yake kwamba kile walichokiwekea mikono kimekufa? Aliona aibu. Akaamua kufa na tai shingoni.

Akawa anaamka kabla ya majirani, anawasha gari geti likiwa limefungwa, anasubiri linyanyuke, ndipo anafungua na kutoka ametulia kama bwana harusi. Giaboksi ikipata moto mlimani, alikuwa anaegesha pembeni, anaweka simu sikioni na kuongea peke yake hadi gari lipoe. Waliopita walisema, huyu sasa ni mtu wa mambo makubwa.

Alasiri moja, geti likagongwa. Alikuwa ni jirani wa viazi.

"Baba Tusekile, mama kifua kimembana vibaya. Tunaomba utusogeze hospitali."

Hospitali ilikuwa juu mlimani, na gari lilikuwa limelala. Mwenye duka alifungua kile kimlango kidogo cha geti, akasimama katikati yake, akauziba kwa mwili wake ili jirani asione ndani.

"Leo haitawezekana," akasema. "Nina wageni."

Hakukuwa na mgeni. Jirani alimtazama kidogo, akasema, "Haya, baba. Samahani kwa usumbufu." Wakatafuta bajaji, na bibi akapata nafuu.

Mkewe aliyasikia yote kutoka jikoni. "Si ungemwambia tu kwamba gari ni bovu?"

"Wakijua, mama Tusekile, watanicheka."

"Na sasa hivi unafikiri wanakuonaje?"

Mtaani wakaanza kusema gari limempanda kichwani. Maneno yakamfikia. Na mnajua alisikia nini moyoni? Alisikia nafuu! Aliona afadhali aitwe mwenye kiburi kuliko ajulikane amekwama. Geti halikugongwa tena. Kwaya ilitafuta usafiri kwingine. Jirani wa viazi akajikusuru, akanunua kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo, akawa anabebea viazi na wagonjwa wa mtaa pia. Pasaka ilipofika yule bibi alifariki kwa uzee wake. Mwenye duka alikwenda msibani kwa miguu, akakaa nyuma kabisa, akatoa rambirambi, akaondoka mapema.

Sasa Tusekile, binti yake, akaja nyumbani kujifungua, kama wafanyavyo mabinti wetu kwa mzaliwa wa kwanza. Uchungu ukamshika alfajiri, na ulikuwa uchungu mbaya. Mama yake akapiga kelele. Majirani wakatoka, kwa sababu hata uwe umewachoka watu namna gani, kelele ya uzazi hawaiachi. Walikuja hadi getini, wakalifungua wazi, wakaondoa mawe njiani, wakajipanga huku na huku ili lile gari kubwa lipate kupita. Hawakuingia ndani. Waliona mwenye gari kama lile ana haja gani nao?

Naye alikuwa ndani ya gari, anawasha. Lilikuwa limelala chini. Anawasha, linatikisika, linazima. Binti amelala kiti cha nyuma, anamwita, "Baba, baba." Na nje watu wamesimama pande mbili, kimya, wanalisubiri litoke. Mbele yao, ng'ambo ya njia, kirikuu imeegeshwa. Kati yake na kirikuu kulikuwa na neno moja tu. Wapendwa, ninyi mngelisema? Mngelisema haraka kiasi gani?

Akafungua mlango. Jasho jembamba lilikuwa linamtoka katika baridi ile. Akasema kwa sauti, watu wote wakasikia:

"Gari ni bovu. Lilikuwa bovu tangu mlipoliombea. Nisaidieni."

Hakuna aliyecheka. Jirani wa viazi alikwishageuka kutafuta viatu vyake. Wakambeba binti, wakamlaza kwenye magunia, na kirikuu ikapanda mlima. Alijifungua salama, mtoto wa kike.

Wakakaa wawili nje ya wodi, mwenye duka na jirani yake. Jirani akauliza:

"Hata siku ile ya mama?"

"Hata siku ile. Lilikuwa limelala hapo nyuma yangu."

Jirani akainamisha kichwa.

"Ungesema, baba Tusekile. Mama hakukulaumu hata siku moja. Alikuwa ananiuliza mimi, 'Mwanangu yule nilimkosea nini?' Tukakaa tunafikiri. Labda ile siku ya maombi alisema neno baya. Labda kuku wetu waliingia kwako. Mpaka anafumba macho, alikuwa anatafuta kosa lake."

Mwenye duka alifunika uso kwa mikono yake, akalia. Shokapu zina bei, ndugu zangu. Giaboksi ina bei. Lile swali la bibi, nani atalilipia?

Ni sisi hao. Tunadhani tukificha ubovu wetu tumeuficha tu, hakuna aliyeumia. Kumbe yule tuliyemfungia geti anarudi kwake kuutafuta ubovu huo ndani yake mwenyewe. Mke anajiuliza amekosea wapi, kumbe mume amefukuzwa kazi na anaona haya kusema. Mtoto anadhani hapendwi, kumbe baba ana ugonjwa anaouficha. Rafiki anahesabu makosa ambayo hakuyafanya.

Leo sitawaambia mgeuke mumwambie jirani neno zuri. Nendeni nyumbani. Kuna mtu mmoja, unamjua, anayejiuliza hadi sasa amekukosea nini. Bibi yule hawezi tena kuambiwa. Wako yupo. Ukitoka hapa, kabla hujala chakula cha mchana, gonga geti lake umwambie gari lilikuwa bovu.