Simu Ndani ya Pilau

Wallahi, thumma wallahi! Kila neno ni kweli, nikitia hata chembe ya chumvi nife nimesimama!

Hapo zamani, yaani mwaka juzi tu, kule Muheza, mjane Mwantumu alikuwa anafukuzwa nyumbani na mimba yake ya miezi tisa. Marehemu mumewe alijirekodi video kwenye simu, akisema nyumba amempa yeye. Shemeji yake Sekiboko akaifuta. Halafu, siku ya hitima, akaitumbukiza simu kwenye sufuria la pilau. Sufuria gani! Nyati angeogelea humo!

"Video iko wapi, shemeji?" akamcheka. "Huna? Fungasha!"

Mwantumu akapiga ukelele mbele za watu: "Atakayeniokolea nyumba, ndiye atakayempa mwanangu jina!"

Mpishi Mbwambo anakoroga, mwiko ukagonga kitu. Si mfupa! Akazamisha mkono kwenye pilau linalochemka, akaitoa simu. Ngozi ikabaki sufuriani, jamani!

Fundi simu Saumu akaifungua, akaisafisha, akaifufua. "Video imefutwa," akasema. Mwantumu akageuka kwenda kufungasha. "Ngoja, dada. Simu haisahau yote. Hii hapa picha yake, ndogo kama ukucha. Na hii alama inasema nakala ilipandishwa kwenye ghala la mtandaoni. Iko huko. Ila mlango una neno la siri."

Marehemu ndiye aliyelijua.

Akasimama mke mwenza, Bi Hidaya. Video ile ikionekana, yeye hapati hata kibaraza!

"Andika Shukuru," akasema. "Mwanangu. Sijalitamka jina hilo tangu tumzike."

Ghala likafunguka! Marehemu huyo, anaongea! Kofia zikaruka vichwani! Sekiboko akatoka mbio pekupeku, nasikia mpaka leo hajasimama!

Kwa mshtuko, Mwantumu akajifungua palepale. Mtoto wa kiume. Wakamzunguka.

"Jina nampa mimi!" Mbwambo akainua mkono uliofungwa vitambaa. "Bila mimi mngemla shahidi kwa kachumbari!"

"Ungetoa chuma kinachonukia bizari, basi," Saumu akamjibu. "Nani alijua video iko wapi?"

Bi Hidaya akasema polepole, "Mwenzangu, mimi nimetoa nyumba. Na jina lile nimeshalitamka. Nipeni wa kuliitikia."

Mwantumu akawatazama wote watatu, mtoto kifuani.

Je, nani alistahili kumpa mtoto jina? Jibuni, lakini kwa sauti ya chini. Na iishie hapahapa, tafadhalini, asiambiwe mtu!