Bi Kindi na Mashamba Mawili

Hapo zamani za kale, na msiniulize lini maana hata mimi nilisimuliwa, Bi Kindi alikuwa kibarua wa Mzee Kiboko. Alikaa juu ya ulingo akifukuza ndege kwenye mpunga, tangu alfajiri mpaka saa nne tu. Zamu ya jioni ilikuwa ya Tumbili. Ujira wake ulikuwa bakuli moja la wali.

Bakuli moja, na watoto wanne! Mchana walikula, jioni walilia. Bi Kindi alimwomba Kiboko ruhusa ya kutafuta kibarua cha pili, Kiboko akavimba.

"Mtumishi wangu hana bwana mwingine."

Lakini njaa ya mtoto haina adabu. Bi Kindi alizunguka mchana kutwa kimyakimya. Aliyehitaji mtu alikuwa Nyati peke yake, jirani wa Kiboko, naye pia alitaka mfukuza ndege, asubuhi ileile. Bi Kindi akajikuna sikio, akamwambia atakuja, na asihangaike kujenga ulingo.

Kisha akamweleza Kiboko kwamba ndege wanaingilia mpakani, heri ulingo uhamishiwe huko. Kiboko akauhamisha mwenyewe, jasho likimtiririka.

Basi ikawa, "Swaaa! Haooo!" Sauti moja, ndege wanakimbia mashamba mawili. Mabakuli yakawa mawili, na watoto wakaanza kuota mashavu.

Siku moja Kiboko na Nyati wakakutana chini ya ulingo, kila mmoja na bakuli lake. Wakaulizana, wakaelewa, wakafoka.

"Shuka useme wewe ni wa nani!" Kiboko alinguruma.

"Mimi ni nani niwaamulie wazee wangu?" alijibu Bi Kindi. "Amueni ninyi. Mimi nasubiri."

Akakunja mkia, akanyamaza. Wakubwa wakabishana. Mara purrr! Kwelea wakashuka, mamia kwa mamia. Kiboko akakimbilia huku, Nyati kule, wakikanyaga mpunga wao wenyewe, na ndege wakitua nyuma yao.

"Piga kelele, mama!" Kiboko alilia.

"Za shamba la nani, mzee?"

"Yote mawili!" waliitikia kwa pamoja.

"Na mabakuli?"

Wakatazamana. Kwelea wakaendelea kula.

"Mawili," alisema Kiboko kwa sauti ndogo.

"Swaaa! Haooo!"

Nami nawaambia, wanangu: ukitaka mtu awe wako peke yako, mpe kwanza cha kumshibisha.