Mlango wa Kuchora

Mlango wa kuchora haufunguki. Wanagenzi wa kutengeneza tovuti mjini Korogwe waliisikia methali hii kwa mwalimu wao, Bi Mwanahawa Shekilindi, wakataka kujua imetoka wapi. Akawaambia asili yake ni hii.

Nasibu Kihiyo alitengeneza ukurasa wa maombi ya chuo kimoja cha ualimu. Ulikuwa na aya sitini, na jina la kila sehemu aliliandika kwa herufi nene, kubwa. Alipoutazama aliuona umepangika, akaridhika.

Siku ya mwisho ya maombi, saa nane na nusu mchana, Tabu Mhina, binti asiyeona, aliingia ofisini kwa Nasibu amebeba kompyuta yake. Fomu ingefungwa saa tisa. Alikwisha kuijaza, hakujua tu viambatisho vinavyotakiwa.

"Kaka, ukurasa wako hauna vichwa vya habari."

"Mbona viko kumi na viwili, dada? Vinaonekana toka barabarani!"

"Kwa mwenye macho."

Kompyuta ya Tabu ilisoma skrini kwa sauti. Alibonyeza herufi H, ambayo humrusha kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Sauti ikasema, "Hakuna kichwa." Akabonyeza tena. "Hakuna kichwa."

"Sasa nisikilize aya zote sitini?"

Nasibu akafungua msimbo. Kweli, maandishi aliyanenepesha tu. Tagi ya kichwa, alama inayoiambia kompyuta kwamba hiki ni kichwa, haikuwapo hata moja. Akaziweka upesi, zote za ngazi ya nne.

Tabu akabonyeza. "Kichwa, ngazi ya nne." Akauliza, "Ya kwanza hadi ya tatu ziko wapi? Nimepitwa na nini?"

"Hujapitwa na kitu. Nimependa tu ukubwa wa herufi zake."

"Ala! Kwanza ulinichorea milango ukutani. Sasa umeweka ya kweli, ukaipa namba za nyumba ya jirani."

Nasibu akarudi kwenye msimbo. Jina la ukurasa akalipa ngazi ya kwanza, sehemu zake ngazi ya pili, vifungu vya ndani ngazi ya tatu. Ukubwa wa herufi akaupanga kwingine, kwenye faili la mitindo, linalopanga sura tu. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika saba.

Tabu akabonyeza mara tano. "Viambatisho, ngazi ya pili." Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, picha moja. Vyote alikuwa navyo. Akavituma, na fomu ikapokelewa dakika mbili kabla ya kufungwa.

Tangu hapo Nasibu hakupokea ukurasa wa fundi mwenzake kabla ya kuzima skrini, kuwasha sauti na kubonyeza H. Sauti ikisema hakuna kichwa, aliurudisha na mstari mmoja: mlango wa kuchora haufunguki.