Kipande cha Kumi na Mbili

"Kipande cha mwisho hukisema cha kwanza." Mmemsikia mjomba wenu akimtupia fundi mwashi maneno hayo asubuhi, mkacheka, halafu mkanijia kuniuliza ni kipande gani hicho chenye mdomo. Mimi nilielezwa na shangazi yangu Tukae, tukibangua korosho, mwaka niliomzaa mama yenu. Kaeni basi. Methali hii ilianza hivi.

Pale Namalembo alikuwapo mkereza mbao, Mzee Chikambo. Miguu ya vitanda, michi ya vinu, vyote vilipita kwenye kerezo lake, ile mashine ya kukanyaga inayozungusha mbao ichongwe. Lakini kilichompa jina ni kalamu. Hakuzikereza katika mti mmoja kama wengine. Alikata vipande vya mpingo na vya mfenesi, cheusi kwa cha manjano, vidogo kuliko punje ya mahindi, akavizungusha kumi na viwili kwa gundi mpaka vikafunga pete, kama punje zinavyolizunguka gunzi. Akaweka pete juu ya pete, kila moja akiisogeza kidogo, hata nakshi ikapanda kwa mshazari kama ukili wa mkeka.

Mwanawe hakuipenda kazi ya mbao. Aliyeipenda ni mke wa huyo mwana, Somoe. Alianza kwa kufagia vumbi la bandani, akaja akapewa msasa, na mwaka wa nne akashika msumeno. Alama ya nukta tatu tu, ile inayochomwa kwenye kitako cha kalamu, ndiyo iliyobaki ya mzee. Nukta tatu maana yake: fundi wa nyumba hii anaijua kazi hii na haikani. Somoe hakuwahi kuomba kuichoma. Lakini alikuwa akiitazama.

Ikafika zamu ya Sista Filomena kustaafu, yule nesi aliyeandika majina ya watoto wote wa kijiji kwenye kadi zao za zahanati. Watu wakakubaliana azawadiwe kalamu ya Mzee Chikambo. Macho ya mzee yalikwisha kuingia ukungu.

"Hii ni ya mwisho kwangu," akamwambia mkwewe. "Ikitoka sawa, nukta utachoma wewe na banda ni lako. Isipotoka, tufunge mlango tukalime."

Akakata kipande cha kwanza kwa mkono wake, cha mpingo. "Vingine fuata hiki. Usizidishe, usipunguze."

Somoe akakata kumi na kimoja. Alipovipanga, pete haikufunga. Baada ya kipande cha mwisho ulibaki mwanya, mwembamba kama ukucha. Akavitupa vyake vyote, akakata upya. Mwanya ukabaki ule ule.

Malibiche, fundi wa vitanda, alikuwa amekuja kuazima tupa. Akachungulia begani mwa Somoe, akanong'ona asisikie mzee aliyekuwa mlangoni.

"Shemeji, mwiko wa ugali haukukutosha? Changanya vumbi la mbao na gundi, ziba hapo. Nani atachungulia?"

"Kerezo litachungulia," Somoe akasema.

"Basi mwambie mzee umeshindwa. Neno moja tu hilo."

Somoe akavirudia vipande. Alivipima vyake kimoja kimoja akaona vinalingana. Kama kumi na kimoja vinalingana, kosa limetoka wapi? Alijua lilikotoka. Tangu aolewe hakuwahi kumtazama baba mkwe usoni wakati wa kuzungumza. Leo amwambie amekosea, tena mbele ya Malibiche? Akizima ukweli, banda linafungwa. Akiziba mwanya, atachoma nukta tatu juu ya uongo.

Akaviokota vile vyeusi sita, akapiga magoti, akavimimina kwenye kiganja cha mzee.

"Baba, nimevichanganya. Naomba unitafutie kile chako."

Mzee akavipapasa kwa kidole gumba, kimoja baada ya kingine. Akavirudia. "Sikipati. Vyote ni kimoja."

"Ndiyo, Baba. Vyote ni kimoja. Na pete haifungi."

Malibiche aliacha kuikuna tupa. Mzee akavipapasa tena, taratibu.

"Mwanya ukoje?"

"Kama ukucha."

"Ukucha ukiugawa mara kumi na mbili," mzee akasema, "unapata unywele. Nilipunguza unywele mmoja, nawe ukaupunguza mara kumi na moja."

"Uliniambia nisizidishe, nisipunguze."

Mzee akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta machozi. "Malibiche, umesikia? Wapo walioiga kazi yangu. Huyu ameniiga mpaka kosa."

"Mzee, mimi nilifuata tupa tu."

"Ichukue, ukasimulie na huko. Kipande cha mwisho kimekisema cha kwanza. Haya mwanangu, cha kwanza kata wewe sasa. Mimi naketi."

Somoe akakata. Alipofika kwenye cha kumi na mbili, kikaingia chenyewe, ti, kama komeo, na mzee aliyeketi mlangoni akaisikia ile ti, akaitikia kwa kichwa. Pete zikaungwa, gundi ikakauka siku mbili. Kisha Somoe akakanyaga kerezo, magamba ya gundi yakaruka, na ule ukili mweusi na wa manjano ukatokeza bila doa. Akatia msumari motoni, akachoma nukta tatu.

Ijumaa asubuhi Sista Filomena aliifungua kalamu hiyo kwa kuandika jina la kichanga aliyezaliwa alfajiri. Ikapita mkono kwa mkono. "Kazi ya mkwe wangu," mzee alisema kwa kila aliyeuliza, na kwa wengi ambao hawakuuliza.

Wakarudi nyumbani adhuhuri, wakala. Somoe akajinyoosha kwenye jamvi, gundi bado vidoleni, usingizi ukamchukua pale pale. Mzee akabaki kwenye kitanda chake cha kamba, akikivingirisha mkononi kimoja cha vile vyeusi vilivyopungua unywele, chake au cha mkwewe, hakujua. Alikuwa akitazama kule kwenye jamvi.

"Kipande cha mwisho hukisema cha kwanza," akajisemea, na safari hii hakuwa akisema mbao, bali yeye na mkwewe. Kipande kikamteleza vidoleni, kikaanguka sakafuni. Hakukiinamia. Alikwisha kulala.